Fito za Milimita

Tuseme ukweli mapema ili tusisumbuane mbele ya safari: Milimita alikuwa haoni. Jicho la kushoto lilikuwa limezimika kabisa, na la kulia lilibakiwa na tundu dogo la kuchungulia, kama mtu anayetazama ndani ya bomba, tena bomba lenye moshi. Akikuangalia anaona pua yako, au kifungo cha shati lako, basi. Miaka miwili nyuma daktari wa zahanati alimweleza kwamba ni presha ya macho, kwamba kilichopotea hakirudi, na kwamba atatia matone kila siku mpaka siku ya kufa ili hicho kilichobaki nacho kisiondoke. Milimita akatia chupa tatu. Ya nne ikamshinda bei, akarudi kupiga randa, na hakumwambia mtu.

Hakumwambia hata mkewe, na usimlaumu haraka. Seremala asiyeona, nani atampelekea mlango? Watu wangesema maskini, pole sana, wangemletea sukari, halafu mbao zao wangezipeleka kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Na jina lenyewe walimpa wateja, kwa sababu kazi yake haikukosea hata milimita, naye alilipenda kuliko lile alilopewa na mama yake.

Utauliza, asiyeona anapasuaje mbao? Karakana yake ilikuwa chumba cha uani chenye mlango wa bati. Mgeni akiingia aliona vurugu tupu: maranda mpaka kifundo cha mguu, nyaya sakafuni, makopo, mabaki ya mbao yamelaliana. Kwa mwenyewe hiyo ilikuwa ramani. Hatua tatu kutoka mlangoni, goti linagusa rundo la mbao nene. Hapo unageuka kushoto, hatua mbili, meza ya kazi. Patasi zimo ndani ya buti la mpira lililogongelewa kwenye mguu wa meza. Misumari ya inchi tatu imo kwenye kopo lililobonyea, ya inchi mbili kwenye lile zima. Gundi inajitangaza yenyewe kwa harufu. Na juu ya mashine ya msumeno alikuwa amegongelea kipande cha ubao, kibaya, kimepinda, mahali ambapo kidole gumba cha kushoto kilitakiwa kukoma. Kidole kikigusa kile kipande, anajua meno ya msumeno yako vidole vinne mbele, anamalizia kusukuma kwa kijiti.

Vipimo, hapo ndipo alipokuwa fundi kweli. Futi ya chuma alikuwa haisomi tena, namba zote zimekuwa sisimizi. Kwa hiyo wakati tundu lake bado lina mwanga wa kutosha, alikaa miezi akikata fito. Ufito wa kimo cha mlango, ufito wa upana wa dirisha, wa mguu wa meza, wa mguu wa dawati. Kila mmoja aliutia mapengo kwa msumeno mwembamba, pengo pana kwa kila sentimita kumi, pengo dogo kwa kila moja, na nukta ya msumari kwa nusu. Kidole gumba cha kushoto kiliyasoma mapengo hayo haraka kuliko wewe unavyosoma gazeti. Cha kulia hakikujua kusoma, kazi yake ilikuwa kushika nyundo. Fito zilikuwa sitini na kitu, zimesimamishwa kwenye kona nyuma ya mlango, na kwa mtu mwenye macho mazima zilikuwa vijiti tu.

Ndivyo alivyoishi. Akigundulika, anakosa kazi. Asipogundulika, iko siku atakosa mkono. Kila asubuhi alichagua hiyo ya pili, akanywa chai, akaenda uani.

*

Jumatatu alikuja mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani, mama mnene mwenye sauti ya kupangisha watoto mistari. Milimita alimtambua kwa viatu na kwa kikohozi.

"Hodi, fundi!"

"Karibu, mwalimu. Leo umekuja kunirudisha darasa la ngapi?"

"La kwanza, ukajifunze usafi." Alipiga hatua moja, ya pili, ya tatu akajikwaa kwenye waya wa mashine, akadaka ukuta. Alipoinua mguu, msumari ulikuwa umezama kwenye soli. "Toba! Fundi, unataka kunizika?"

"Pole, mwalimu. Huo msumari una siku nyingi unakuulizia."

Mwalimu alicheka nusu, akauchomoa, akautafutia mahali pa kuuweka, akakosa, akaushika mkononi. "Sikiliza, nimekuja kwa jambo. Shule inataka madawati sitini. Yale sita ya mwaka juzi watoto wameyapanda, wameyachora, wameyapigania, na hayajayumba. Mimi nataka kazi hii uifanye wewe. Lakini kamati imebadilika. Kuna mjumbe mmoja ana maswali kama polisi. Ijumaa saa nne nakuja naye, aione karakana, akuone ukikata walau mguu mmoja wa dawati. Akikuta haya niliyoyakuta mimi leo, hasaini."

"Mwalimu, si mnanunua madawati? Karakana siuzi."

"Mzaha weka pembeni. Panga vitu, fundi. Hata wewe mwenyewe iko siku utakatika humu."

Alipoondoka, Milimita alikaa juu ya rundo la mbao nene. Madawati sitini ilikuwa kazi ya mwaka mzima. Angerudi kwenye matone. Angeweka fundi mwenzake wa kuwa macho yake, kijana wa watu wa kuaminika, wakagawana. Na siku hiyo ndipo angemwambia mkewe. Maneno alikuwa ameshayapanga zamani: mke wangu, kulikuwa na tatizo, lakini limekwisha.

*

Mkewe alikuwa jikoni, na jiko na karakana vilitenganishwa na ukuta mmoja usiofika juu. Alisikia yote. Wakati wa chakula cha mchana aliyaleta mezani pamoja na sahani.

"Nimemsikia mwalimu."

"Nami nimemsikia."

"Basi kesho tuingie, mimi na wewe, tupange."

"Hapana."

"Hapana nini? Mle hata kuku haingii kutaga. Mimi nikitaka kukuita chakula nasimama mlangoni kama mdai, naogopa kukanyaga."

"Karakana yangu naijua mwenyewe. Mtu asiguse hata kijiti."

Alisema hivyo akimimina chai, na chai ikapita pembeni ya kikombe, ikamwagika kwenye kitambaa cha meza, ikaenda mpaka magotini mwa binti yao. Binti alikuwa na mimba ya miezi minane, amekuja kujifungulia kwao. Aliruka kwa shida, akakung'uta gauni. Mama yake aliweka kijiko chini.

"Sasa hasira za nini mpaka unamwaga chai makusudi?"

Milimita aliikubali hasira hiyo. Kuitwa mkorofi kulikuwa nafuu kuliko kuitwa kipofu, na nafuu yenyewe ndiyo hiyo aliyokuwa nayo.

"Na jana sokoni," mkewe aliendelea, sauti sasa imeshuka, "nimekupungia mkono mbele ya wenzangu. Umenipita kama nguzo. Mama muuza nyanya akaniuliza, jamani, mmeachana?"

"Nilikuwa na mawazo."

"Miaka ishirini na sita nakupikia, nimekuwa wa kupitwa kama nguzo."

Binti alitazama sahani yake. Baba yake alitazama mahali ambapo sauti ya mkewe ilitoka, akakosea kidogo, akawa anautazama ukuta. Mwanamke akaona mume hata kumtazama hataki, akainuka, akaondoa vyombo kabla watu hawajashiba.

*

Jumanne zikaja habari kwamba shangazi yake Milimita amefariki. Alikwenda na binamu yake, mkono kwa mkono, na hakuna aliyeshangaa, maana msibani watu wote hushikana mikono. Mkewe alibaki kwa ajili ya binti, mume wa kurudi Alhamisi. Na huyo mwanamke, ambaye mwenzake alimwona mkali na yeye akajiona amechokwa, alikaa na huzuni yake mpaka saa sita, halafu akafanya lile ambalo wake wengi wenye mapenzi wangelifanya. Alimwita kaka yake.

Kaka mtu alikuwa mtunza stoo kiwandani, na mtaani walimwita Bwana Usalama, kwa sababu hata harusini alikuwa anatafuta mlango wa dharura. Alikuja na kofia ngumu kichwani, kopo la rangi ya njano na kalamu za wino mzito.

"Dada," alisema akiwa mlangoni, "shemeji bado yu hai humu? Huu ni muujiza. Sisi kiwandani, chumba kama hiki tungekizungushia utepe wa hatari."

"Kaka, usinichekeshe. Mpaka Alhamisi pang'ae."

"Patang'aa. Kanuni ni moja tu: kila kitu na mahali pake, na kila mahali na kitu chake."

Walitoa vyote uani. Walifagia maranda magunia tisa. Bwana Usalama aligongelea ubao mkubwa ukutani, akatundika nyundo, misumeno, patasi na randa, akachora umbo la kila kimoja ili kikitoka mahali pake pajulikane. Nyaya alizipandisha juu. Sakafuni alipiga mstari wa njano, huku pa kutembea, huku pa kazi. Binti, tumbo magotini, alikaa kwenye kigoda akimimina misumari kwenye makopo mapya yanayofanana na kuandika kwa mwandiko wake mzuri, mdogo: inchi mbili, inchi tatu, skrubu, bawaba. Mashine ya msumeno waliigeuza itazame dirisha, fundi apate mwanga. Bwana Usalama aliona kile kipande cha ubao kilichopinda juu yake, akasonya.

"Tazama uchafu huu, juu ya mashine nzima!" Akakibandua kwa nyundo, mapigo mawili.

Kwenye kona nyuma ya mlango binti alisita. "Mama, hivi vijiti vina alama alama."

Mama yake akauchukua mmoja, akaugeuza. "Panya hao."

"Panya gani anayetafuna kwa kupima? Mjomba, hebu ona."

Mjomba akaona. "Hizi ni za kujaribia msumeno kama unakata. Kila fundi anazo. Mbao isiyo na kazi ni adui, inaangusha mtu, inaleta moto."

"Tusimwulize baba kwanza?"

"Tumpigie simu mtu yuko makaburini," mama yake alisema, "tumwulize habari za kuni?"

Wakacheka wote watatu. Fito zikaenda jikoni. Zilikuwa kavu mno, zilishika moto mara moja, na jioni ile mwanamke alisifu mwenyewe kwamba hajapata kupika kwa kuni nzuri kama zile. Mmoja aliutumia kuegemeza dirisha la jiko lisijifunge kwa upepo. Kabla ya kufunga karakana alisimama katikati yake, peke yake, akanusa rangi mbichi, na machozi yakamtoka kwa furaha. Alijiambia kwamba Alhamisi mumewe atamtazama tena.

*

Alhamisi alasiri Milimita alirudi. Mkewe alimpokea mkoba barabarani, jambo ambalo hakulifanya muda mrefu.

"Pole na msiba. Njoo uani. Lakini fumba macho!"

"Mke wangu, nimechoka."

"Fumba, nimesema!" Akaenda nyuma yake, akamziba macho kwa viganja vyake viwili, anacheka kama msichana. Akamwongoza hivyo mpaka ndani ya mlango wa bati. Milimita alihisi miguu inakanyaga saruji tupu. Akahesabu hatua tatu. Goti halikugusa kitu. Akajua hapo hapo, viganja vya mkewe bado viko usoni.

"Haya, fumbua! Unaonaje?"

Alifumbua. Mbele yake palikuwa na weupe mmoja tu, dirisha, na pembeni giza. Alinusa rangi. Alimsikia binti anahema kwa furaha, na shemeji anahamisha uzito mguu huu na mguu huu akisubiri sifa.

"Unaonaje, mume wangu?"

"Naona vizuri," alisema Milimita. "Naona vizuri sana. Ahsanteni."

"Mashine umeiona tulivyoigeuza?" shemeji aliuliza.

"Nimeiona." Akageukia kona ya mlangoni. "Zile fito zangu ziko wapi?"

"Fito gani?"

"Za pembeni. Nyuma ya mlango."

"Vile vijiti?" Mkewe alicheka. "Hivyo ndivyo vimeivisha maharage unayoyanusa. Kuni safi hizo!"

"Zote?"

"Zote, nimepangusa kona nzima. Kwani vipi?"

Hapo ndipo angesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, alikuwa na watu watatu waliompenda kuliko watu wote duniani, na palikuwa na usiku mzima wa kupanga watamweleza nini mwalimu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na madawati sitini ya kukata. Alifungua mdomo. Akamsikia mkewe anabana pumzi, anaogopa kugombezwa.

"Vipi? Hakuna," akasema. "Nilikuwa nauliza tu."

Wakala maharage. Milimita alikula mpaka akaongezwa, kwa kuwa mpishi alikuwa amefurahi, na kila tonge alilitafuna polepole.

*

Ijumaa aliamka mapema kuliko jogoo wa jirani, akaingia karakana kujifunza upya. Alihesabu hatua, akazisahau. Alipapasa ukuta: vifaa vilikuwa pale, kila kimoja ndani ya mchoro wake, lakini mchoro hausemi na kidole. Makopo yote yalikuwa na umbo moja. Alimwita binti, akamwambia amchoree kwenye ubao sentimita sabini na mbili, kimo cha mguu wa dawati, kwa kuwa macho ya kijana yanaona vizuri zaidi. Binti akachora. Milimita akaukata ufa kwa patasi palepale penye mstari ili kidole kiuone, na kwa mara ya kwanza tangu jana alipumua.

Saa nne walifika. Mwalimu mkuu alipiga kelele mlangoni. "Fundi! Ni hapa hapa kweli?"

Mjumbe alikuwa mwembamba, kalamu tatu mfukoni. Alitembea ndani ya mstari wa njano, akasoma makopo, akapapasa sanduku jipya la huduma ya kwanza. Bwana Usalama alikuwa ameomba ruhusa kazini makusudi, akamfuata nyuma akieleza kanuni.

"Hii ndiyo karakana," alisema mjumbe. "Sasa tukuone, fundi. Mguu wa dawati, sentimita sabini na mbili."

Milimita alichukua ubao wake wenye ufa.

"Aa, huo umeshaandaliwa. Chukua mwingine. Pima mbele yetu."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na trei ya chai. Aliona mumewe anasimama kidogo, anatabasamu, anachukua futi ya chuma ukutani baada ya kugusa kwanza msumeno na kisha nyundo. Akaivuta juu ya ubao mpya. Akainamisha uso mpaka pua ikakaribia chuma. Akachora.

Mjumbe akasogea. "Fundi, hiyo ni themanini na mbili."

Milimita akasogeza pua karibu zaidi na chuma.

"Themanini na mbili," mjumbe akarudia, akacheka, akamgeukia mwalimu. "Na mmesema anaitwa nani? Milimita? Huyu ni Mita!"

Bwana Usalama alicheka pia kwa adabu, halafu akajuta. Mwalimu hakucheka. Mkewe alihisi uso unawaka kwa niaba yake.

"Macho ya uzee, mjumbe," alisema Milimita. "Mkono haujazeeka. Angalia mkono." Akaubeba ule wa ufa, mtu asimzuie tena, akaenda kwenye mashine kwa haraka ya mtu aliyeaibishwa. Swichi ilikuwa upande mwingine. Aliipata mara ya pili. Msumeno ukalia. Dirisha lilikuwa mbele yake na jua lote la saa nne ndani yake, na lile tundu dogo alilobakiwa nalo likajaa weupe.

Akasukuma. Kidole gumba cha kushoto kikaenda kukitafuta kipande chake. Hakikukiona. Kikakitafuta mbele kidogo. Kikakitafuta mbele tena.

Vikombe vilimwanguka mkewe kabla Milimita hajapiga kelele. "Zima! Zima mashine!" mwalimu alipiga ukunga. Bwana Usalama aliruka akazima, akaona alichokiona juu ya meza safi ya mashine, akageuza uso.

"Kitambaa!" alisema. "Sanduku liko ukutani, kushoto, lenye msalaba mwekundu!"

Lilikuwa hapo hapo mahali pake, na kila kitu kilichotakiwa kuwemo kilikuwemo.

*

Zahanati walimshona, kidole hakikushonekana. Daktari alimmulika machoni kwa tochi ndogo, jicho hili, jicho lile, akaizima.

"Mama, mzee anatumia matone gani?"

"Matone gani, daktari?"

Siri ikatoka yote, pale kwenye benchi la mbao la kungojea dawa, mbele ya watu wenye vikohozi. Milimita alijibu kila alichoulizwa. Hakuwa na cha kuficha tena.

"Tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Siku ile ya sokoni?"

"Sikukuona."

"Na chai?"

"Sikukiona kikombe."

Mkewe alijifunika uso kwa ncha ya kanga. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungelia. Jirani angeuliza unalia nini. Jirani akijua, mteja anajua."

"Kwani mimi mteja? Mimi jirani?" Watu wakageuka, hakujali. "Nilidhani umenichoka! Miaka miwili nalala na mtu nadhani amenichoka!"

Alimwacha alie. Halafu akamweleza habari za kile kipande cha mashine, na habari za fito, pengo pana na pengo jembamba na nukta ya msumari, kwa sauti ya chini, kama anayemfundisha. Mwanamke aliacha kulia. Alikuwa anahesabu. Jumanne jioni maharage ya kwanza. Jumatano maji ya binti ya kuoga, uji, mboga. Alhamisi maharage tena.

"Nimepikia macho yako," alisema.

Milimita alitaka kumwambia si kosa lake, na kweli halikuwa kosa lake, lakini mkono ulikuwa unauma mno, na neno lilichelewa, halafu likawa limepitwa na wakati.

*

Mwalimu mkuu alikuja na kilo mbili za sukari. Alikaa ukingoni mwa kiti, akalia kidogo, akasema kamati imeamua. Kazi imepelekwa kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Mlangoni alisema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, fundi," na alipofika barabarani akatamani asingeyasema.

Binti alijifungua salama mtoto wa kiume. Babu alimpapasa uso wote kwa mkono wa kulia, akasema ni mzuri, na watu wakatoka chumbani mmoja mmoja.

Mwezi uliofuata waliuza mashine. Mnunuzi alikuwa yule yule wa ng'ambo ya barabara, kwa kuwa madawati sitini yanataka mashine mbili. Hakuwa mtu mbaya. Aliingia karakana, akasimama juu ya mstari wa njano, akatazama vifaa ndani ya michoro yao na makopo yenye mwandiko mzuri.

"Mashallah, hapa pamepangika," alisema. "Mimi kwangu ni jaa. Sasa ajali ilitokeaje mahali kama hapa?"

Bwana Usalama, aliyekuwa ameshika upande mmoja wa mashine, aliinama akajifanya anatafuta mahali pazuri pa kushika.

Milimita alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, mgongo kwa ukuta, akiisikiliza mashine yake inavyotolewa. Walipoondoka, upepo ulivuma, mkewe akaenda kufunga dirisha la jiko, na mkono wake ukaugusa ule ufito ulioliegemeza. Aliupitisha kidole, akayahisi mapengo: pana, pana, jembamba, jembamba. Akatoka nao mbio, kanga inamdondoka.

"Umebaki mmoja! Mume wangu, umebaki mmoja!"

Akauweka magotini pake. Milimita aliuinua, na mkono wa kushoto ukauendea wenyewe, kwa mazoea, ukafika na kitambaa chake na mahali patupu palipokuwa na kidole. Akaushusha mkono huo. Akaushika ufito kwa mkono wa kulia, akapitisha kidole gumba cha kulia juu ya mapengo, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akarudia. Akarudia mara ya tatu, polepole, midomo inacheza kama mtoto anayejifunza kusoma, na mkewe amepiga magoti mbele yake anamtazama mdomoni.

"Wa nini huo?" aliuliza. "Wa mlango? Wa dirisha?"

Milimita alimrudishia.

"Kuni," akasema.